Gauni Lililofika Kituoni Limenyooka

Mama Pasi alikuwa na ugonjwa mmoja, na ugonjwa wenyewe ni usafi. Msiniambie usafi si ugonjwa, hamjaishi naye. Marehemu mumewe alikuwa akisema nyumba ile hata nzi haingii mpaka anawe miguu. Mama Pasi alikuwa dobi. Chumba chake cha kazi kilitazama barabara iendayo mahakamani: mbele kaunta ya mbao, nyuma mabeseni, juu kamba, na katikati meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu la kupigia pasi. Alikuwa na pasi ya umeme aliyopewa na mdogo wake, lakini hakuiamini. Ya mkaa ndiyo aliyoishika siku zote, akisema ile nyingine inajidai tu, haina nguvu.

Wateja wake walikuwa watu wa maofisi. Askari, makarani, walimu, mawakili na yale majoho yao meusi. Kwa hiyo aliiheshimu serikali kama mtu anavyomheshimu mkwe, kwa mbali na kwa woga kidogo. Sheria yake ilikuwa moja: nguo chafu haivuki mlango wa ofisi ya serikali. Binti yake alipokwenda kuchukua matokeo ya shule, alivuliwa sketi mlangoni, ikarudishwa mezani, ikapigwa pasi upya kwa sababu ya mkunjo ambao hata mwenye darubini asingeuona. Binti alilalamika weee, lakini alikwenda amenyooka.

Binti huyo ndiye mtoto wake wa pekee. Alipomaliza masomo alipata kazi ya kuuza dukani kwa Bosi Makochi, yule mwenye duka kubwa la samani. Ukitaka kumjua Bosi Makochi usihangaike, nenda msiba wowote. Viti vya kukalia waombolezaji ni vyake, ametoa bure, na mgongoni vimeandikwa jina la duka ili marehemu naye asisahau. Arusi, viti vyake. Mkutano wa wazazi shuleni, viti vyake. Hata benchi la kusubiria pale kituo cha polisi lilitoka kwake. Mtaa mzima ulikuwa umemkalia, na mtaa mzima ukamwita mtu wa watu.

Mtu wa watu huyo, alasiri moja, alimwita binti stoo ahesabu mito ya makochi, akaufunga mlango kwa ndani, akambaka.

Nimelisema hivyo hivyo kwa sababu katika hadithi hii nzima mtakutana na watu wenye madaraka na elimu zao, na neno hilo litawakwama kooni kama mwiba wa samaki. Watasema "lile jambo." Watasema "yaliyotokea." Watasema "hiyo bahati mbaya." Nyoo! Bahati mbaya ni kukanyaga tope.

Binti alipigania roho yake. Dereva wa pikapu ya duka alisikia kelele, akaupiga mlango teke mpaka komeo likang'oka, na kwa macho yake mawili akaona. Binti akatoka pale mbio, akafika nyumbani bila mkoba, gauni limekatika kifungo cha kifuani, shingoni alama za vidole. Mama Pasi aliacha pasi juu ya shati la mtu, shati likaungua. Siku zote za maisha yake hakuwahi kuunguza nguo ya mteja. Alimshika mwanawe mkono, wakaenda kituoni jua bado lipo.

Kwenye kaunta ya kituo alikaa Afande mmoja, mteja wa kaunta ya Mama Pasi, akimenya karanga.

"Enhe, mama, karibu. Kuna nini?"

Mama Pasi akainama ili aseme polepole. Afande akajibu kwa sauti ya kuuza samaki.

"Kubakwa? Na nani?"

Benchi zima likageuka. Binti akatazama sakafu, na tangu hapo alikuwa akiitazama kila alipokuwa mbele za watu.

"Na Bosi Makochi," mama akasema.

"Bosi Makochi yupi? Huyu huyu wetu?"

Wetu! Kesi haijafika hata karatasini, mtuhumiwa ameshakuwa wetu. Na binti, aliyezaliwa mtaa wa pili kutoka pale, alikuwa wa nani?

Afande akafuta mikono kwenye suruali aliyofuliwa na mama huyo huyo, akaanza kazi yake. "Binti, una mchumba?" Hana. "Mligombana mambo ya mshahara?" Hawakugombana. "Ulivaa nini?"

"Hili hili nililovaa."

Afande akanyanyuka kidogo kulitazama gauni. Lilikuwa limefika chini ya magoti, mikono mirefu. "Mbona refu?" akasema, na uso ukamshuka kama mtu aliyefunua sufuria akakuta maji matupu.

Kisha akaeleza kwamba daktari wa shughuli hizo ameshaondoka, na mwenye ufunguo wa chumba cha vielelezo naye ameshaondoka. "Mpeleke nyumbani apumzike. Kesho asubuhi mje, na hilo gauni mlilete, litatakiwa mahakamani." Basi. Hakusema binti asioge. Hakusema gauni lisiguswe, liwekwe lilivyo kwenye karatasi. Alisomeshwa kwa kodi za watu ili ayaseme maneno hayo mawili matatu, na badala ya kuyasema akarudia karanga zake.

Sasa mjue alichofanya Mama Pasi. Alimchemshia mwanawe maji, akamwogesha kwa mikono yake kama alivyokuwa mchanga, akamlaza. Halafu akalichukua gauni. Kesho linakwenda serikalini, litashikwa na wakubwa, litasimama mbele ya hakimu, na lina vumbi la stoo, lina jasho, lina madoa ambayo mama hawezi kuyatazama mara mbili. Mwanangu atadharauliwa, alisema moyoni, watasema ni mchafu, watasema ndiyo walivyo. Akaliloweka. Akalisugua mpaka ngozi ya vidole ikachubuka, na machozi yakimdondokea ndani ya beseni. Akalitia wanga, akalipiga pasi ya mkaa, akashona kifungo kipya kinachofanana na vingine. Hakuna mama mwingine mtaa ule ambaye angefanya hivyo. Mwingine angelichoma moto, mwingine angelitupa chooni. Yeye alikuwa dobi.

Asubuhi lilifika kituoni limetundikwa kwenye hanga, limefunikwa nailoni. Afande akalinyanyua juu, akalizungusha.

"Mama, una mikono wewe! Limenyooka utadhani la dukani. Hivi zile suruali zangu nikuletee lini?"

Akalisukuma chini ya kaunta. Hilo ndilo lililokuwa zoezi la kupokea kielelezo. Huko hospitali daktari alipiga kelele kwamba binti ameoga, akauliza nani amewaambia waoge. Hakuuliza nani hakuwaambia. Lakini aliandika alichokiona: michubuko ya shingo, ya mikono, na majeraha mengine yaliyosema yote kwa mtu mwenye nia ya kusikia. Na dereva wa pikapu alikwenda kituoni kwa miguu yake akaeleza alivyovunja mlango. Kwa hiyo msije mkadanganywa na mtu kwamba gauni ndilo lililokuwa kesi nzima.

Bosi Makochi alikwenda kituoni kwa gari lake, akanywa chai na mkuu wa kituo, akapewa dhamana, akarudi kufungua duka.

Hapo ndipo mtaa ulipoanza kuonyesha rangi zake. Wanawake walikuja kutoa pole, wamejitanda, wanakuna vichwa. Pole sana, jamani, pole. Halafu mate yakishamezwa: "Lakini na yeye, mwenzangu, stoo alifuata nini?" Aliitwa na bosi wake kazini, alifuata mshahara, mlitaka afuate nini? Mmoja, mwanamke mzima mwenye mabinti wanne, akasema wasichana wa siku hizi wanachekacheka mno na wateja. Muuza duka asipocheka na wateja atacheka na makabati? Walikunywa chai ya watu, wakaenda zao, na wengine wakahamisha nguo zao kwa dobi wa barabara ya juu.

Binti akaacha kutoka nje. Akawa anakaa nyuma ya mabeseni, anakunja mashuka. Siku moja, wakivuta shuka kila mmoja upande wake, mama akamuuliza, "Mwanangu, unataka nini? Nikuhamishe kwa shangazi yako? Tuache kesi?"

"Sitaki kuhama," binti akajibu. "Nataka mtu asimame pale mahakamani, mbele yake na mbele ya watu wote, aseme kwamba alifanya. Aseme tu, Mama. Wakimfunga, wasimfunge, shauri yao. Lakini mtu aseme."

Mama Pasi akalishika neno hilo, hakuliachia tena. Alisubiri hakimu aseme. Aliamini atasema, kwa sababu yeye bado alikuwa mtu wa kuamini.

Kabla ya mahakama, yakaja makochi. Asubuhi moja pikapu ilisimama nje, vijana wakashusha seti nzima mpya, la watu watatu, la wawili, na mawili ya mtu mmoja mmoja, rangi ya damu ya mzee, nailoni zake bado ziko. Aliyeongoza msafara ni Mjomba, yaani kaka yake Mama Pasi wa tumbo moja.

"Dada, Bosi anasema pole," Mjomba akatangaza. "Ameguswa. Tuyamalize kifamilia. Mtoto ana maisha mbele yake, nani atamwoa mkiendelea kumtembeza mahakamani?"

"Kaka, umemletea mpwa wako makochi?"

"Ya ngozi, dada. Si mchezo."

"Ya ngozi ya nani? Toa uchafu wako mlangoni kwangu!"

Akasimama mlangoni na pasi ya moto mkononi, na kochi halikuingia. Vijana wakayaacha uani, wakaondoka. Sasa kama hujawahi kuona kioja, kioja ni hiki: wajumbe wa mtaa walipokuja kumshauri asamehe, walikaa kwenye makochi yale yale, uani, chini ya nguo za watu zinazokauka, wakibonyeza mito kwa vidole kupima sponji. Mjomba alijitandaza kwenye lile la watu watatu, mguu juu ya mguu, na mtu akampiga picha kwa simu. Mvua za msimu ule zikayakuta hapo hapo, yakavimba, yakaota ukungu. Mama Pasi hakuyafunika hata gunia.

Kesi nayo ikaanza kupigwa danadana. Leo faili halionekani. Kesho mwendesha mashtaka anaumwa. Keshokutwa Hakimu amekwenda semina ya kuharakisha kesi, na kesi ikaahirishwa ili aharakishe vizuri. Kila mara Mama Pasi alifunga kaunta, akavaa vazi lake la heshima, akakaa benchi la mbele na mwanawe, na kila mara wakarudi na njaa. Dereva wa pikapu, alipokuja kuitwa kutoa ushahidi, alikuwa ameshapandishwa cheo kuwa msimamizi wa stoo. Alipanda kizimbani na shati jipya, akaapa, kisha akapatwa na usahaulifu mbaya sana. Mlango? Mlango ulikuwa na tabia ya kukwama. Kelele? Labda za redio. Alizungumza akiwa ameligeuzia benchi la mbele mgongo, maana hata mwongo ana mahali anapoona haya.

Ikaja zamu ya binti. Wakili wa Bosi alikuwa mtu wa maneno laini, na joho lake lilikuwa halijaoshwa siku nyingi. Alianza kwa upole, kama anayeongea na mdogo wake.

"Binti, kila asubuhi ukifika kazini ulikuwa unamwamkia mshtakiwa?"

"Ndiyo."

"Unamwambiaje?"

"Shikamoo."

"Naye anaitika?"

"Anasema marahaba."

"Kwa tabasamu?"

Binti akatazama sakafu. Wakili akamgeukia Hakimu, mikono imefunguka. "Mheshimiwa, mtu anayemwamkia mwenzake shikamoo kwa tabasamu kila siku ya Mungu, je, huyo ni mtu wa kudai hakukuwa na maelewano?"

Lo! Watu wazima waliosoma wakasikiliza upuuzi huo na kuinamisha vichwa kuandika. Watoto wa nchi nzima wanawaamkia watu wazima shikamoo. Kumbe ni mkataba!

Halafu akaomba gauni. Likaletwa, na nailoni yake. Akalitundika mbele, akalipapasa. "Limefuliwa, mheshimiwa. Limetiwa wanga. Kifungo hakijakatika hata kimoja. Hili ni gauni la mtu aliyekabwa, au la mtu anayekwenda sherehe?" Watu wakacheka. Afande wa karanga, aliyesimama mlangoni, naye akacheka. Yule aliyelipokea kwa mikono yake na kulisifia, akacheka mpaka bega likatikisika. Mama Pasi alipoitwa kueleza, alieleza yote jinsi yalivyokuwa, kwamba alilifua kwa sababu ya heshima, na hakuna aliyemwambia asifue. Hakimu akamkatiza: "Mama, kutokujua sheria si utetezi." Afande, ambaye kazi yake ilikuwa kuijua, hakuulizwa hata jina.

Na picha ya Mjomba kwenye kochi ikatolewa. Familia ilipokea fidia, Wakili akasema, ikaistarehekea, ndiyo hii mguu juu ya mguu. Mjomba alikuwa mle ndani. Akajikausha kama kuni.

Siku ya hukumu, binti alitaka kuvaa gauni lolote lililo karibu, na mama kwa mara ya kwanza hakumnyooshea kitu. Ukumbi ulijaa. Hakimu alisoma kwa muda mrefu, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vifaa. Alisema michubuko inaweza kusababishwa na mambo mengi. Alisema kielelezo muhimu kiliharibiwa na mama mzazi wa mlalamikaji mwenyewe, jambo linaloleta mashaka. Alisema mshtakiwa ni mtu anayeheshimika katika jamii. Akawaasa mabinti wote wajiheshimu mahali pa kazi. Akafunga faili. Mshtakiwa yuko huru.

Bosi Makochi akamshika Wakili mkono. Nyuma mtu akapiga makofi, wengine wakadakia. Binti hakulia. Alikuwa anatazama sakafu.

Mama Pasi akasimama.

"Alifanya," akasema.

"Mama, kaa chini," karani akamwambia.

"Alifanya! Huyu hapa, Bosi Makochi, alimbaka mwanangu stoo, akiwa amefunga mlango. Dereva aliona. Daktari aliona. Afande alijua. Na wewe mheshimiwa unajua, ila makochi aliyokuwekea ofisini kwako yanakubana usiseme."

Makofi yakafia mikononi. Hakimu akavua miwani. Mambo yaliyokuwa yakienda mwendo wa kinyonga sasa yakaota magurudumu: askari wawili wakamzunguka mama pande zote, karani akashika kalamu, mwendesha mashtaka aliyekuwa akisinzia akaamka.

"Mama," Hakimu akasema, "unaidharau mahakama?"

Mtu mwenye akili timamu hapo hukana. Mama Pasi akafikiri. Alikuwa ameishi miaka yote akiwafulia watu hawa, akiwapisha njiani, akiwanyamazisha watoto wanapopita. Aliutafuta ule woga wake wa zamani, hakuuona popote.

"Ndiyo, mheshimiwa. Naidharau. Naidharau sana."

Mjomba akaruka kutoka benchi la nyuma. "Dada! Omba radhi! Neno moja tu, dada, ufike nyumbani!" Afande naye, eti kwa wema, akamnong'oneza aseme amepitiwa na uchungu, mheshimiwa atamwelewa. Hakimu mwenyewe akampa nafasi. Aombe radhi mbele ya mahakama, na yataisha. Asipoomba, anakwenda mahabusu, na baada ya hapo gerezani.

Hapo mama akasita, nisiwafiche. Hakuogopa gereza. Alimwogopea mwanawe, atabaki na nani kwenye kile chumba, na nani atamwamsha asubuhi na kumbembeleza ale. Akageuka kumtazama, na radhi iko mdomoni tayari.

Binti alikuwa ameinua uso. Alikuwa anamtazama mama yake, na Hakimu, na Bosi Makochi, mmoja mmoja, macho makavu.

"Usiombe, Mama," akasema, na ukumbi mzima ulimsikia.

Basi hakuomba. Hakimu aliyehitaji mwaka na zaidi kutafakari michubuko ya shingo hakuhitaji hata kunywa maji. Mama Pasi akahukumiwa pale pale, akapitishwa mlango mdogo wa pembeni unaoshuka mahabusu, askari akamwambia avue viatu na mkanda. Mkanda hakuwa nao. Nje Bosi Makochi alikuwa anapeana mikono na watu, anawaalika nyumbani. Na katika kesi ile nzima, tangu mwanzo wake mpaka mwisho, mtu aliyefungiwa mlango wa chuma alikuwa Mama Pasi peke yake.